Mlango wa Karasha

Miaka ya mwanzo ya 1990, Nyarugusu tuliisikia kabla ya kuiona. Land Rover ya abiria iliyotutoa Geita mjini ilisimama kumteremsha mtu na gunia lake, dereva akazima injini kubana dizeli, na hapo mngurumo ukatufikia kupitia miombo, mzito, usiokatika, ukitoka upande ambao hatukuona nyumba wala moshi. "Makarasha hayo," alisema mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia ya udaga, na wote tukajua tumekaribia. Vumbi jekundu lilikuwa limetujaa kwenye nyusi, na madumu ya dizeli yalikuwa yanatubana magoti tangu asubuhi.

Shuka nami, tupite sokoni, maana njia ya kwenda kwa baba mdogo ilipita humo. Akina mama wametandika kanga chini na kumwaga juu yake michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mchimbaji hutia mfukoni akavitafuna akiwa ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji. Ng'ambo ya njia zimepangwa betri za tochi, kamba za katani, makarai mapya, nyundo, mipini ya sululu. Dagaa wa ziwani wananuka juani. Mama ntilie anasonga ugali wa udaga, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, na sato anachemka pembeni kwenye mchuzi wa nyanya. Kisukuma ndicho kinachosikika zaidi, lakini utasikia Kizinza, Kisumbwa, Kiha, na Kiswahili cha watu waliotoka mbali sana, kwa sababu rashi, yaani mbio za dhahabu, ikishatangazwa haina mwenyeji. "Mwangaluka, mayu," unasalimia kila baada ya hatua chache, na unajibiwa hata na mtu asiyeinua macho kutoka kwenye mizani yake.

Baada ya soko tunateremka kwenye mialo. Mbao zimeinamishwa, zimetandikwa magunia, na vijana wanamimina juu yake maji ya madumu yaliyochanganyika na unga wa mawe. Tope linateleza, dhahabu kwa uzito wake inabaki kwenye nyuzi za gunia. Kila mwalo una kilima chake cha marudio, mchanga wa kijivu uliokwisha kuoshwa mara moja, ambao mwenyewe anautunza kwa sababu anajua bado una kitu. Watoto tulikatazwa kuchezea marudio. Tulichezea.

Banda la baba mdogo lilikuwa la miti na mabati, halina ukuta upande wa barabarani. Lilikuwa na harufu ya grisi, ya oili chafu iliyomwagwa chini kutuliza vumbi, na juu ya zote ile harufu kali ya kabaidi iliyotiwa maji, maana Nyarugusu haikuwa na umeme na kuchomelea kulifanywa kwa gesi. Ukutani zilining'inia spana zilizopungua namba, msumeno wa chuma, na futi kamba iliyofutika mwanzo wake, kwa hiyo kila kipimo kilianzia sentimita 10. Na katikati ya banda kulikuwa na karasha.

Kwa asiyelijua, karasha ni pipa nene la chuma lililolazwa kwa ubavu, linalozunguka juu ya shafti iliyoshikwa na beringi mbili. Ndani yake mna gololi za chuma, kila moja ya kujaza kiganja cha mtoto. Unatia mawe yaliyopondwa kwa nyundo hadi yawe kokoto, unafunga mlango, unaliacha lizunguke, na gololi zinasaga mawe mpaka yawe unga. Pipa la baba mdogo lilikuwa kipande cha bomba kubwa, kipenyo chake karibu sentimita 60, alichokipata kwa wauza vyuma chakavu Mwanza. Shafti ilitoka kwenye ekseli ya lori. Laina, yaani bamba za ndani zinazopokea kipigo cha gololi ili ganda lenyewe lisiliwe, alizikata kutoka kwenye springi za lori hilohilo. Injini ilikuwa Lister ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito pembeni, aina ile ile iliyosaga mahindi katika vijiji vyote vya Usukumani, na ilipowashwa kwa mpini ilikohoa moshi mweusi kabla ya kutulia kwenye mdundo wake.

Kabla ya karasha watu walitwanga. Nyanya yangu alitwanga mawe kwenye kinu cha chuma, mchi wake ni ekseli nzee, akichekecha kwa kitambaa na kurudishia chenga, na mikono yake ilibaki na ugumu wa kazi ile mpaka alipofariki. Karasha lilipokuja, gunia lililomla mtu siku nzima liliisha kabla chai haijapoa. Lakini lilikuja na vumbi, vumbi jeupe laini lililokaa kwenye kope za watu na kuwafanya wote wafanane umri.

Baba mdogo alisoma mpaka darasa la saba. Puli na mikanda alijifunza akiwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika wa Nyanza, na mengine alijifunza kwa masikio. Hili la masikio nataka tulikalie kidogo. Alipofunga puli mpya, alimwambia kijana awashe injini, kisha yeye akasimama mbali, mgongo kwa mashine, macho yamefumba. Karasha likizunguka polepole mno, gololi zinateleza chini ya pipa na kutoa sauti nene ya kukwaruza. Likizunguka kasi mno, gololi zinashikamana na ukuta wa pipa, zinazunguka nalo, na unasikia uvumi mwembamba tu, chuma kinakwenda na jiwe halisagiki. Katikati ya hizo mbili kuna kasi ambayo gololi zinapandishwa mpaka karibu na kilele kisha zinaporomoka juu ya mawe, na hapo sauti inakuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Aliposikia hiyo alifumbua macho. "Hapo, ng'wanawane. Umesikia?" Nilikuwa nimesikia.

Puli alizozikubali mwisho zilikuwa jozi mbili, na katika kila jozi ile kubwa ilikuwa na kipenyo mara nne ya ndogo. Alipima kwa shubiri. Mimi nilishika chaki na kuandika ukutani alichoniambia, na naamini maandishi yale ndiyo mchoro wangu wa kwanza wa kihandisi.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo aliyenunua mawe kidogokidogo kwa wachimbaji na kuyasagisha. Tulimwita Mayu, yaani mama, kama tulivyowaita wengi. Alikuja na karai lake kichwani, akakaa kwenye gogo akisubiri zamu, na hakuwa msemaji. Siku moja alimwendea baba mdogo na kumwambia, "Fundi, mlango wa karasha lako umewekwa na mtu mrefu."

Mlango ulikuwa kipande cha bamba kilichofungwa kwa bolti nne. Ili kutia mawe, pipa lilisimamishwa mlango ukiwa juu, na karai lilipaswa kuinuliwa mpaka kifuani mwa mwanamume. Mayu alikuwa mfupi. Kila mara alimwomba kijana amsaidie, na kila aliyemsaidia alitaka shukrani. Kisha akataja la pili, kwa sauti ya chini: spana ilikuwa ya kijana wa mashine. Yeye mwenye mawe hakuweza kufungua wala kufunga bila kumwita mwenye spana, na unga ukitoka kidogo kuliko alivyotarajia, alibaki na mawazo usiku kucha.

Baba mdogo hakujibu. Alikwenda akasimama pale Mayu aliposimama, akapiga goti kidogo ili wawe kimo kimoja, akainua mikono kana kwamba ameshika karai. Jioni ile alikata miguu ya fremu. Shimo likachimbwa chini ya pipa ili sinia la kupokelea unga liingie, na mlango ukashuka mpaka kiunoni. Bolti nne zikaondoka. Mahali pake akachomelea vishikizo viwili na kutengeneza kabari ya chuma, unaigonga kwa jiwe lolote inaingia, unaigonga upande wa pili inatoka. Mwisho kabisa akatoboa tundu kwenye ncha ya kabari, tundu la kupitisha kufuli. Kuanzia hapo mwenye mawe alikuja na kufuli lake mwenyewe, akafunga, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga, akaenda kula.

Foleni ya banda lile ilirefuka. Watu walitoka mpaka upande wa pili wa Nyarugusu, wakipita makarasha mengine matupu, kwa ajili ya tundu la kufuli. Nimesoma tangu hapo vitabu vingi juu ya usanifu wa bidhaa, vilivyoandikwa Ujerumani, Marekani na Japani, na vingi ni vizuri. Sijaona ndani yake mfano unaozidi mlango ule.

Jioni ndiyo iliyokuwa saa ya zebaki. Dhahabu iliyooshwa ilikusanywa na zebaki kwenye karai mpaka ikawa kidonge cha rangi ya fedha, kikakamuliwa kwenye kitambaa, kikawekwa juu ya jiko la mkaa ndani ya kikopo cha samaki. Jiko lilikuwa lilelile la mboga. Tulichuchumaa kulizunguka kuona weupe ukigeuka njano. Mvuke ule hauna harufu, na kwa hiyo katika kumbukumbu zangu saa ile inanukia mlenda na karanga zilizopondwa, jambo linalonisumbua kila ninapolifikiria, kwani hakuna kilichotuonya.

Mwaka 1994 nilivuka Busisi kwenda Bwiru, shule ya ufundi ya wavulana, Mwanza. Kwenye kivuko wauzaji walipita na samaki wa kukaanga na miwa iliyokatwa pingili, na upepo wa ziwa ulikuwa na ubaridi ambao Nyarugusu haikuujua. Karakana ya Bwiru ilikuwa na vaisi zilizopangwa mstari mmoja, na kazi ya kwanza ilikuwa kupiga tupa kipande cha chuma mpaka pande zake zote ziwe na pembe mraba. Mwalimu aliinua kipande chako kwenye mwanga wa dirisha na guniya ya chuma. Mwanga ukipenya, unarudi kwenye vaisi. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama na mji wote wa Mwanza ukawa msibani, karakana ilikaa kimya siku nyingi. Tuliporudi mwalimu alitupa somo la mizani ya vyombo majini bila kutaja meli yoyote.

Mlimani nilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973, na ngazi za majengo yale zimelika katikati kwa viatu vya waliotutangulia. Nakumbuka ubaridi wa chumba cha kuchorea asubuhi, meza zilizoinamishwa, harufu ya raba na vumbi la risasi ya penseli, na miembe nje. Mhadhiri mmoja alikuwa anafundisha vinu vya kusagia mawe. Aliandika ubaoni kwamba kasi ya hatari ya kinu, ile ambayo gololi zinashikamana na ukuta, hupatikana kwa kugawa 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo katika mita, na jibu ni mizunguko kwa dakika. Uzito wa gololi hauhusiki. Kinu kizuri, akasema, huzunguka karibu robo tatu ya kasi hiyo.

Nilichukua penseli. Kipenyo sentimita 60: kasi ya hatari ni kama 55. Robo tatu yake, 41. Lister ya aina ile huzunguka mara 650 kwa dakika; gawa kwa nne, gawa tena kwa nne, unapata 40 na ushee. Pembeni mwa daftari nikachora puli zile mbili na mbili, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Kwetu Geita mgodi mkubwa ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000, na vinu vyake, ambavyo mtu angeweza kusimama ndani yake bila kuinama, vinatii kanuni ileile. Wenzangu wengi walilenga huko, na sikuwalaumu. Mshahara ulikuwa mzuri na kazi ilikuwa ya heshima. Mimi nilitaka kutengeneza vyombo vya watu wanaokuja na karai.

Mafunzo ya vitendo yalinipeleka Arusha, TEMDO, taasisi ya uhandisi na usanifu mitambo iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1980. Njiro, ilipo taasisi hiyo, wakati ule ilikuwa na mibuni na migomba, na asubuhi Mlima Meru ulionekana mpaka kwenye mikunjo yake. Hapo ndipo niliposhuhudia jinsi wazo linavyotembea: mtu anahitaji kukamua alizeti, mhandisi anauliza maswali, mchoro unatoka, fundi anaukataa mchoro kwa sababu spana haitaingia kwenye kona ile, mchoro unarudi, mashine ya kwanza inajengwa, inavuja, inafunguliwa, inapimwa kilichochakaa. Mkerezaji mmoja mzee alikuwa na tabia ya kuuliza kila mchoro mpya, "Huyu atakayeisafisha, mkono wake utapita wapi?" Swali hilo nimelibeba kazini kila mahali.

Likizo nilirudi nyumbani. Rwamagasa, si mbali na kwetu, ilikuwa imechaguliwa kwa mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki, uliosimamiwa na UNIDO na kugusa nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo. Wataalamu walionyesha ritoti, chombo kinachofunika kidonge cha dhahabu motoni, kikaupoza mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika, badala ya kuuachia mapafu ya watu. Baadhi zilikuwa za chuma, zimeunganishwa kwa viungio vya kawaida vya mabomba ya maji. Rahisi, nafuu, za kutengenezwa na fundi yeyote. Watu walizitazama, wakapongeza, wakarudi kwenye vikopo vyao.

Nilikaa karibu na akina mama waliokuwa wanazizungumzia na nikasikia kilichowazuia. Chuma hakionyeshi ndani. Dhahabu inaingia gizani mbele ya watu wanne, na ikitoka pungufu, nani atasema imekwenda wapi? Hofu hiyo niliijua, ilikuwa hofu ya Mayu. Wenye mradi nao waliielewa, na wakaleta namna nyingine iliyotumia mabakuli ya jikoni, lile la juu likiwa la kioo, mtu akiona kidonge chake kikigeuka njano mbele ya macho yake. Chombo hicho walikikaribia. Mmoja alikigusa kioo kwa ncha ya kidole kabla hakijapata moto, akatikisa kichwa kukubali.

Nilipomaliza shahada niliingia katika ule mpango wa miaka 3 wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uliokuwa umeanza mwaka 2003, unaomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa. Nikachora mashine za kupukuchua mahindi, za kukamua mafuta, pampu za mkono. Miaka hiyo ilikuwa na kazi nyingi na siku zake zimechanganyika. Baadaye tu, Geita ikiwa imekwisha kuwa mkoa, ndipo nilipojitegemea na kurudi kwenye makarasha. Sasa yananunuliwa Katoro, yamepakwa rangi ya bluu au kijani, yamesimama mstari barabarani yakisubiri wateja wa Chato na Bukombe. Nilipoyapita mara ya kwanza niliinama kila moja kutazama mlango. Mengi yana kabari, na baadhi yana tundu kwenye ncha. Nilimuuliza kijana mchomeleaji kwa nini anatoboa pale. "Ndivyo linavyokuwa, mzee," alinijibu. Baba mdogo hakuwahi kusajili chochote wala kuandika jina lake kwenye chuma, na wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Kazi yangu ya sasa ni vumbi. Tunafunika karasha kwa ganda la bati lenye mfuko, na kwa wanaopata maji tunatengeneza la kusaga kwa maji, ambalo halitoi vumbi kabisa. Wahitimu wanaokuja kwangu siwaruhusu kugusa kompyuta mwanzoni. Nawapeleka Rwamagasa au Nyarugusu wakae kwenye gogo, foleni moja na wenye mawe, na daftari.

Binti mmoja alirudi hivi karibuni kutoka huko. Nilitarajia maelezo juu ya vumbi. Alifungua daftari akanieleza kelele: kwamba kina mama wanaosubiri zamu hukaa mbali na karasha, juani, wakiacha kivuli cha banda kitupu, kwa sababu watoto wachanga mgongoni hawalali gololi zinapoporomoka. Ganda letu la bati lilikuwa linaongeza mlio. Alikuwa ameshapima unene wa laina za chuma na kuuliza bei ya mpira mzito wa mikanda chakavu ya migodini, ule unaobeba mawe, na alitaka kujua kama unaweza kuvumilia gololi iwapo utafungwa badala ya springi. Katika vinu vikubwa laina za mpira zipo na hupunguza kelele, nikamwambia, lakini kipenyo cha ndani kitapungua, kwa hiyo lazima kasi ihesabiwe upya na puli zibadilike. Akageuza ukurasa. Hesabu alikuwa amekwisha kuifanya. Alichohitaji ni pesa za kununulia mpira. Jumatatu tuliupakia kwenye pikapu.